Sungura analiwa au haliwi? Maswali ninayoulizwa kila siku hapa Dar

Nafuga sungura huku Chanika, mwaka wa saba sasa, nauza wazima na nauza waliochinjwa, na kila wikiendi anakuja mtu bandani ananiuliza yaleyale aliyoniuliza mwenzake wiki iliyopita. Wengine wanauliza wamekunja uso, wengine wananong'ona kama wanaulizia magendo. Nimeona niyaandike yote hapa mtu asome kwanza ndo tuongee bei. Simlazimishi mtu ale. Ninachotaka ukikataa ujue unakataa nini, na ukila ujue unakula nini.

Hivi kweli Dar watu wanakula sungura?

Wanakula, ila kimyakimya. Kuku utamkuta Kisutu, utamkuta Shekilango, utamkuta gengeni kwa jirani, ila sungura lazima umuulizie kwa wafugaji. Wateja wangu wengi ni watu waliokulia Moshi, Arusha na Mbeya, huko kwao kufuga sungura nyuma ya nyumba ni kitu cha kawaida tangu utotoni, mtu akifika bandani kwangu anamshika mnyama kwa kujiamini kabisa anampapasa mgongo anajua huyu kanenepa huyu bado. Wenyeji wa pwani wengi wanakuja kuangalia tu.

Na joto nalo linachangia. Sungura hana uwezo wa kutoka jasho la kumpooza kama sisi, joto lake analitolea sana sana kwenye yale masikio, kwaio jua likipanda nyuzi 30 na kuendelea anahangaika, madume mbegu zao zinakuwa dhaifu, majike hawashiki mimba vizuri. Kuanzia Januari mpaka Machi mi nagandisha maji kwenye chupa za lita moja na nusu, saa sita mchana naweka chupa moja kila kizimba. Utamwona anajilaza ubavu wote kwenye ile chupa kaegemea, masikio kayalaza nyuma, anahema taratibu. Ndo maana wafugaji Dar ni wachache, na mnyama usiyemwona sokoni huwezi kumzoea kwenye sahani.

Ladha yake ikoje?

Iko karibu na kuku wa kienyeji lakini imekaza zaidi na haina mafuta mengi. Nyama yake ni nyeupe ya pinki kidogo ikiwa mbichi, ikiiva inakuwa nyeupe. Haina shombo. Ukikuta ina harufu ya mkojo ujue aliyechinja alipasua kibofu wakati wa kutoa matumbo. Hapo kosa ni la mchinjaji, mnyama hana kosa.

Mbona akishachunwa anafanana na paka? Nitajuaje sijauziwa paka?

Hili ndo swali namba moja na sikucheki ukiniuliza, una haki kabisa. Akishavuliwa ngozi na kukatwa kichwa na miguu, kwa macho ya mtu asiyezoea ni kweli wanafanana, ule mgongo mrefu na yale mapaja. Hofu hii hata siyo ya kwetu peke yetu, Ulaya wakati wa vita na njaa paka waliliwa kweli, Wajerumani wakawabatiza jina la sungura wa paa, na kule wachinjaji wakazoea kuacha mguu mmoja na manyoya yake ili mnunuzi aone mwenyewe.

Mi nafanya hivohivo. Ukinunua kwangu aliyechinjwa nakuachia mguu wa nyuma haujachunwa. Ugeuze uangalie chini ya wayo, sungura hana zile nyama laini nyeusi au za pinki anazokanyagia paka, wayo wake wote ni manyoya mpaka kwenye vidole, na kucha zake ziko nje muda wote haziingii ndani. Au dai kichwa, yale meno mawili marefu ya mbele hakuna paka anayo. Muuzaji akikataa kukuachia kimoja kati ya hivyo, we ondoka tu, usibishane nae.

Eti anakula mavi yake mwenyewe? Hapo ndo nashindwa.

Ni kweli na sitakuficha, ila sikiliza inavyokuwa. Sungura ana choo cha aina mbili. Zile punje kavu za duara unazoziona chini ya kizimba hizo hazili. Kuna nyingine laini, zimeshikana kama kishada cha zabibu ndogo, zinatoka zaidi usiku na alfajiri na anazipokea palepale kwa mdomo, wengi mnafuga miaka na hamjawahi kuziona. Ni majani yaliyochachuliwa tumboni na wale vijidudu wazuri, yana protini na vitamini ambazo mara ya kwanza zilipita bila kunyonywa. Ng'ombe anacheua, sungura anarudia kwa njia hii. Ukimzuia anadhoofika.

Kuku wa kienyeji tunayemsifia mwaka mzima anaparura nini pale jalalani? Nimeuliza kwa nia njema, fikiria mwenyewe.

Waislamu tunaruhusiwa?

Kwa Masuni, wanazuoni walio wengi wanasema ni halali. Kuna hadithi ya Anas bin Malik, iko kwa Bukhari na kwa Muslim, anasimulia walimkurupusha sungura sehemu inaitwa Marr al-Dhahran, watu wakamkimbiza mpaka wakachoka, yeye akamkamata akampeleka kwa Abu Talha, akachinjwa, na mapaja yakapelekwa kwa Mtume (S.A.W) akayapokea. Kwa wenzetu Shia Ithnaasheri sungura ni haramu, na hapa Dar tunaishi nao, usimpelekee jirani sahani kabla hujamuuliza. Kuchinja ni kama kawaida, bismillah na kisu kikali, mi mwenyewe mchinjaji wangu ni Mwislamu ili wateja wote wale bila wasiwasi.

Lakini bibi alisema sungura jike anaingia hedhi, ndo maana haliwi.

Maneno haya ni ya zamani sana, hata Uarabuni yalikuwepo. Ukweli ni kwamba sungura hana hedhi. Yai lake linaachiliwa baada ya kupandwa na dume, hana ule mzunguko. Watu wanachokiona ni mkojo mwekundu, na mkojo wa sungura unabadilika rangi kutokana na majani aliyokula, leo wa njano, kesho wa kahawia, keshokutwa mwekundu kabisa unaweza kuapa ni damu. Mi mara ya kwanza nilipouona nilimwita mtaalamu wa mifugo mbio, akaniuliza tu jana umewapa majani gani.

Na Biblia si imekataza?

Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14, zote zinamtaja sungura kwa jina, anacheua lakini hana kwato zilizopasuka, kwaio ni najisi. Wasabato wanalishika hilo mpaka leo. Makanisa mengine mengi wanasema sheria zile za vyakula zilipita na wanasoma Matendo 10, ile nguo kubwa Petro aliyooneshwa. Mimi siyo mchungaji, siwezi kukuamulia.

Ila kuna jambo nimelibeba moyoni na nitalisema hapa. Mwaka wangu wa pili wa kufuga alikuja shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, katoka safari ya mbali amechoka, mi nimepika sungura wa nazi. Akauliza, "Shem, kuku huyu mbona mtamu hivi?" Na mimi nikanyamaza. Sikusema ndiyo sikusema hapana, nikamuongezea mchuzi. Alikuwa ndo kwanza kabatizwa Usabato miezi michache nyuma, nilikuwa najua, nikajiambia akila akaona utamu ataelewa. Kesho yake mwanangu mdogo akamwambia, kwa furaha tu ya kitoto, baba mdogo jana umekula sungura wetu yule wa kijivu. Shemeji hakugomba, hakusema kitu, alitoka nje akaenda kukaa kwenye ngazi kainamisha kichwa muda mrefu, alafu akaaga siku mbili kabla ya siku aliyopanga kuondoka. Nilimuomba msamaha kwa simu, nikamuomba tena uso kwa uso mbele ya kaka yake, alinisamehe. Lakini mpaka leo akija kwangu anakula vitu anavyoviona mwenyewe vikipikwa, na simlaumu hata kidogo.

Kwaio siwezi kumpikia mgeni nikamwambia baadae?

Umeshasoma hapo juu. Hapana. Hata kama hana dini inayomkataza, hata kama unajua ataipenda. Wapo wanaotapika wakishaambiwa, tumbo lilikuwa limekubali kabisa ila akili inakataa, na hiyo siyo maigizo, kinyaa ni kitu halisi kama njaa. Mwambie kabla, muwekee na maharage pembeni, akichagua maharage mshukuru kwa kuja.

Mjamzito akila sungura mtoto anazaliwa na mdomo wa sungura?

Hapana, hapana kabisa. Tunauita mdomo sungura kwa sababu ya ule mpasuko unavyofanana na mdomo wa huyu mnyama, ni jina tu. Mdomo wa mtoto unajiunga kwenye wiki ya 4 mpaka ya 7 ya mimba, wakati huo mama wengi hata hawajajua kama wana mimba, na sababu zinazotajwa na madaktari ni mchanganyiko wa kurithi na mambo mengine kama sigara na baadhi ya dawa. Hakuna chakula cha mnyama fulani hapo. Nimewahi kumwona dada mmoja mtaani kwetu anasemwa na ndugu wa mume kwamba alikula sungura ndo maana, na yule dada sungura hajawahi hata kumwonja. Mzazi mwenye mtoto wa hivo ampeleke hospitali, CCBRT pale Msasani wanafanya upasuaji wa mdomo sungura na mtoto anapona, anacheka kama wenzie. Hayo ya kusemana muache jamani.

Mjamzito anachotakiwa kuangalia ni nyama iive vizuri, na hiyo ni kwa nyama zote.

Wanangu wamewazoea sungura, nikichinja wanalia. Nifanyeje?

Hapa nitakaa kidogo maana nimepita humo.

Binti yangu akiwa na miaka sita alikuwa na sungura mweupe alimwita Pamba. Kila jioni anamtoa, anamkalisha barazani, anamlisha mchunga jani mojamoja, anamwangalia pua inavyochezacheza. Mi nikaona ni utoto utapita. Siku moja mteja kataka dume mkubwa, sikuwepo, kijana wangu wa kazi akamkamata Pamba maana ndo alikuwa mkubwa kuliko wote. Nilirudi nikamkuta mtoto kasimama mlangoni mwa banda kamkumbatia sungura kifuani, kanga ya bibi yake kaiviringisha juu yake kumficha, na hasemi neno. Hakulia. Alikuwa ananiangalia tu aone mimi niko upande wa nani.

Mteja nilimpa wawili wadogo kwa bei ya mmoja.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu na mpaka leo haujavunjwa, sungura aliyepewa jina hachinjwi, na mtoto anaruhusiwa kutoa jina moja tu kwa wakati mmoja. Wale wengine ni wa biashara na wa chakula na watoto wanajua, siwaambii "wamesafiri" wala "wameenda kwa shangazi", nawaambia wamechinjwa. Hawachinjwi mbele yao. Mwanangu mkubwa wa kiume anakula, binti hali, na mezani hakuna anayemtania mwenzie, hilo nalisimamia kwa nguvu zote maana nimeona nyumba mtoto anacheka mwenzie analia juu ya sahani na wazazi wanasema ni kumkomaza. Kumkomaza kwa faida ya nani? Mtoto anayempenda mnyama hana ugonjwa wa kutibiwa.

Wazungu si wanamfuga kama paka, na wao wanakula?

Inategemea wapi. Mnyama mwenyewe asili yake ni Hispania na Ureno, sungura wote wa kufugwa duniani wametokana na wale. Valencia wali wao maarufu, paella, unapikwa na kuku na sungura sufuria moja. Malta mchuzi wa sungura wenye mvinyo na kitunguu swaumu ni chakula cha taifa. Ufaransa na Italia unamkuta buchani. China ndo wanazalisha sana, na Sichuan wanapenda vichwa vya sungura vyenye pilipili kali. Uingereza na Marekani ndo wengi wanamwona ni mtoto wa nyumbani, mwaka 2014 Whole Foods walianza kuuza nyama yake kwenye baadhi ya maduka yao Marekani, wapenzi wa sungura wakaandamana nje, mwaka 2015 wakaacha. Kwaio usiambiwe kinyaa chako ni ushamba. Kila mahali watu wana mnyama wanayemla na mnyama wanaomwonea huruma.

Ni dawa ya presha na sukari?

Ni chakula. Gramu 100 za nyama mbichi zina protini gramu 20 na kitu, mafuta kidogo, vitamini B12 ya kutosha. Kwa mtu aliyeambiwa apunguze nyama ya mafuta ni chaguo zuri, ila dawa za hospitali endelea nazo. Na usile hiyo peke yake siku nenda rudi bila mafuta wala wanga, waliokwama porini huko kaskazini ya dunia wakala sungura tupu waliumwa, protini ikizidi bila mafuta mwili unashindwa. Ukila na ugali na mchuzi wa nazi huna shida hiyo.

Sungura pori naye ni huyuhuyu?

Sio. Yule wa pori, ndo sungura mjanja wa hadithi za bibi anayemzidi akili Fisi, ni mnyama mwingine, watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi. Wa kufugwa wanazaliwa uchi vipofu, macho yanafunguka kwenye siku ya 10 hivi. Wa pori nyama yake ni nyekundu, na kumwinda bila kibali ni kosa kisheria, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inambana. Mi simuuzi, msiniulize.

Nilifuga nikashindwa kuwauza na nyumbani hakuna anayekula. Kwa nini?

Pole, najua. Kuna kampuni moja ilipita mitaani kwetu ikauza vizimba na majike kwa bei ya juu, ikaahidi itanunua watoto wote, jike mimba yake ni siku 31 tu kwaio watu wakapiga hesabu za utajiri. Miezi ilipita, simu zao zikazimwa. Jirani yangu mstaafu alibaki na sungura zaidi ya sitini bandani, pumba zimeisha, na jioni familia inakula ugali na mchicha mtupu. Sungura sitini! Nilimwambia mzee chinja ule, akasema mwanangu sisi hawa hatuwali, hawa ni wa hela. Alikuja kuwagawa bure wengine wakafa. Kabla ya kufuga kwa ajili ya soko, chinja mmoja, pika, kaeni mezani muone kama nyumba yenu inamkubali. Wakimkubali, hata mnunuzi akikimbia hamtalala njaa.

Unampikaje?

Chukua wa miezi minne hivi, jike kuukuu linahitaji kuchemka mpaka gesi iishe. Angalia ini kwanza, likiwa na madoadoa meupe litupe usile. Katakata, paka ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu, ilaze usiku mzima kwenye friji. Kesho chemsha moto mdogo na maji kidogo, maana haina mafuta ukiiharakisha inakauka kama mbao. Ikilainika kaanga vitunguu na nyanya pembeni, weka nyama, tui jepesi, likikauka weka tui zito, pilipili mbuzi moja nzima usiipasue, dakika tano epua. Ukitaka kuchoma, paka mafuta mara kwa mara la sivyo utatafuna kamba.

Na Pamba?

Yupo. Kazeeka, anatembea taratibu, sikio moja lina kovu la kupe. Matembele bado anayapenda, mchunga siku hizi unamshinda mpaka umkatie vipandevipande.